Namba Aliyojiandikia Gwamaka

"Mficha namba hana shahidi."

Neno hilo lilisemwa jikoni, siku ya maandalizi ya harusi, vijana wakiwa wamelizunguka lundo la ndizi wanamenya. Bakuli la nyama lilikuwa limepungua bila maelezo. Asajile alisema hakuwapo, alikuwa kisimani. Alipoulizwa alikuwa na nani, akakosa wa kumtaja. Mwenzake mmoja akalirusha neno lile, wote wakacheka, na kesi ikawa imekwisha.

Bibi Tupokigwe, aliyekuwa akiosha mchele karibu nao, hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Mmemhukumu mtoto wa watu kwa methali msiyoijua," alisema.

"Bibi, si maana yake ni kwamba mtu ni mwongo?" aliuliza msichana mmoja.

"Wengi hudhani hivyo. Menyeni ndizi, niwaambie ilikotoka. Mwenye mkasa huu hakuwa na hatia."

Basi vijana wakamenya, naye akawasimulia hivi.

Hapa hapa Ilumbwe, kabla ninyi hamjazaliwa, alikuwapo mwanamke aliyeitwa Subilaga. Alikuwa fundi wa kushona, mwenye cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la vitambaa sokoni. Mumewe, Gwamaka, alikuwa dereva wa gari la kukodi: leo atabeba mgonjwa, kesho bibi harusi, keshokutwa magunia ya viazi. Kwa miaka mingi aliendesha magari ya watu. Mwishowe akapata la kwake, gari la kijivu lililokwisha kutumika, alilolinunua kwa mtu kule mpakani. Siku alipolileta nyumbani Subilaga alilizunguka akilipapasa kwa furaha, kisha akasimama nyuma yake.

"Baba Tusa, namba yake iko wapi?"

"Inakuja," alijibu Gwamaka.

Siku zile gari jipya mjini lilipewa kibao cha muda, litembee nacho wakati mwenyewe anashughulikia ada ya usajili. Kibao chenyewe kilikuwa kitu duni, karatasi ngumu yenye tarakimu nne. Gwamaka alikiangalia cha dereva mwenzake, akaona hapana kitu pale ambacho mkono wake hauwezi kukifanya. Alikuwa na mwandiko mzuri mno. Mabango yote ya kanisani aliyaandika yeye. Basi akakata boksi la sabuni, akaandika kwa wino mzito 6071, akalivika nailoni, akalifunga nyuma ya gari kwa waya. Ukilitazama kwa mbali ungeapa limetoka ofisini.

"Nani amekupa namba hiyo?" aliuliza Subilaga, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia muda wote.

"Nimejipa mwenyewe."

"Na wakikuuliza?"

"Nitasema ya kudumu inakuja wiki ijayo. Mama Tusa, ada ile ni mlima. Acha gari lifanye kazi kwanza, lijilipie lenyewe."

Subilaga alirudi ndani. Hakulipenda jambo lile, lakini hakuliona kuwa kubwa. Mumewe hakuiba gari. Alikuwa anachelewa kulipa tu, na nani asiyechelewa?

Lakini wiki ijayo haikufika. Kila trafiki walipoanza kuizoea namba, Gwamaka aliing'oa na kuandika nyingine. Madereva wenzake waliona, nao wakaanza kuja nyumbani na vipande vyao vya boksi wakimwomba awaandikie. Hakumnyima mtu. Siku nyingine alichoka kubuni tarakimu mpya, akawaandikia zile alizokwisha kuzitumia yeye mwenyewe. Haukupita mwaka, Ilumbwe ikawa imejaa magari yenye namba za bandia.

Hapo ndipo shaka ilipoingia mjini. Ilianza kwa mambo madogo. Mama mmoja alisahau garini mfuko wa sare za wanawe. Namba ya gari aliishika kichwani, lakini siku ya pili alipoikuta ilikuwa kwenye gari jingine kabisa, na dereva wake akamtazama kama mwendawazimu. Mbuzi wa mwalimu mkuu alipakiwa mchana kweupe, watu wakaisoma namba, nayo haikumfikisha mtu popote. Watu wakaanza kuwatazama madereva kama unavyoitazama nyama inayouzwa bei rahisi. Akina mama waliokuwa wakipanda gari lolote sasa walikaa karibu na mlango, mkono mmoja kwenye kitasa.

Shaka hiyo ilimwingia Subilaga pia, tena kwa njia aliyoiona kwa macho yake. Siku moja alipanda gari na mumewe kwenda kununua vitambaa. Penye daraja, mahali walipokuwa wakisimama trafiki, wakasimamishwa. Askari akauliza habari ya namba. Gwamaka akamtazama machoni, akacheka kidogo, akamweleza kwamba karatasi zake ziko mkoani, kwamba bwana fulani amemwahidi, kwamba wiki ijayo bila shaka atakuwa nayo. Alimtajia hata rangi ya nyumba ya huyo bwana. Askari akawaruhusu.

Kilichomtisha Subilaga hakikuwa uongo wenyewe. Kilichomtisha ni jinsi ulivyotoka laini, hata kope hakupepesa. Tangu siku hiyo akajikuta akiyapima maneno madogo ya mumewe. Akimwambia amekula kwa kaka yake, anajiuliza kama kweli amekula kwa kaka yake. Akimwambia amechoka, anajiuliza kilichomchosha. Alijilaumu kwa mawazo hayo, lakini hakuweza kuyafukuza.

Ikafika Alhamisi moja, siku ya soko, ukungu umeshuka mpaka mapaa hayaonekani. Shangazi yake Subilaga, Bi Ngwisa, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa akivuka barabara na sinia lake la maandazi. Gari la kijivu likatokea kwenye kona, likamgonga, likasita kidogo, kisha likaingia kwenye ukungu na kupotea. Wauza nyanya waliokuwa ukingoni waliiona namba yake, wakaanza kuambizana ili wasiisahau.

Subilaga aliacha cherehani, akakimbia. Alikuwa amepiga magoti barabarani, kichwa cha shangazi yake mapajani, aliposikia namba ile ikipita mdomo kwa mdomo juu yake. 6071. Hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Alikuwapo ilipoandikwa.

Bi Ngwisa hakufa. Alivunjika mguu, na kwa wiki kadhaa hakukumbuka lolote la siku ile, hata kwamba alikuwa ametoka nyumbani. Gwamaka alikamatwa jioni ile ile.

"Namba hiyo niliiacha zamani," aliwaambia polisi. "Nilimwandikia Lusekelo, naye ana gari la kijivu kama langu. Muulizeni yeye."

Lusekelo akaitwa. Alikuwa kijana mpole, dereva kama wao, na alikuja na gari lake bila kusitasita. Nyuma kulikuwa na kibao cha boksi chenye namba nyingine.

"Hii ndiyo aliyoniandikia kaka Gwamaka," alisema kwa heshima. "Hiyo nyingine siijui."

Gwamaka alikitazama kibao. Ulikuwa mwandiko wake kweli. Alikuwa amemwandikia Lusekelo vibao vyote viwili, kwa siku tofauti. Magari yote mawili yalikuwa na mikwaruzo kwenye bampa, kama magari yote ya barabara zile za mawe.

"Ulikuwa wapi wakati huo?" mkuu wa kituo aliuliza.

"Njia ya mashamba ya chai. Gari lilichemka, nikakaa peke yangu kando ya kijito nikisubiri lipoe."

"Kwa nini ulipita huko, na barabara kubwa ipo?"

Gwamaka akainamisha kichwa.

"Nilikuwa nawakwepa trafiki wa darajani."

Mkuu wa kituo akaweka kalamu chini. "Ungepita darajani," alisema polepole, "sisi wenyewe tungekuwa mashahidi wako."

Kaka yake alimwekea dhamana. Gwamaka alirudi nyumbani, akamkuta Subilaga anapasha chakula cha kumpelekea shangazi hospitalini. Hakugeuka kumtazama.

"Mama Tusa, si mimi."

"Nani aliyekuona huko chai?"

"Hakuna. Lakini mimi nakuambia. Nitazame. Nakuambia si mimi."

Subilaga aligeuka akamtazama, na machozi yakamlengalenga.

"Hayo hayo macho ndiyo uliyomtazama nayo askari pale darajani," alisema. "Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Hayakubadilika hata kidogo. Sasa niambie, mume wangu, nitajuaje tofauti?"

Akachukua chakula cha mgonjwa, akaenda zake hospitalini.

Hata hivyo Subilaga hakukaa tu na shaka yake. Kesho yake alifunga kanga kiunoni, akaenda kwa miguu mpaka mashamba ya chai kutafuta mtu aliyemwona mumewe. Aliwakuta wanawake wanachuma, akawaeleza shida yake. Waliacha kuchuma wakamsikiliza.

"Gari la kijivu tuliliona kule bondeni," alisema mmoja, mtu mzima kuliko wenzake. "Limesimama, boneti imefunguliwa."

Subilaga akamsogelea. "Utasema hivyo mbele ya polisi, mama?"

Yule mama akasita. "Nitawaambia niliona gari. Wakiniuliza la nani, nitasemaje? Magari ya kijivu hupita hapa mengi, yote yanamkwepa trafiki, na vibao vyao wanavibadilisha kama nguo. Ningekuwa nimezoea kuiona namba moja kwa mtu mmoja, ningeapa. Kwa haya, mwanangu, siwezi kuapa."

Subilaga alirudi na mzigo mzito kuliko aliokwenda nao. Sasa alijua mumewe huenda anasema kweli, na alijua pia kwamba ukweli huo hauna pa kushikwa.

Kabla kesi haijafika mahakamani, mtendaji wa kata aliwaita watu ofisini kwake, apate kusikia kama kuna aliyeona chochote. Ukumbi ulijaa hadi nje. Aliuliza nani anayeweza kusimama na Gwamaka. Madereva aliowaandikia vibao walitazama viatu vyao. Yeyote atakayesimama angeulizwa namba yake mwenyewe. Lusekelo alikuwa kati yao, kofia mkononi, uso wa huzuni.

Mtendaji akamgeukia Subilaga.

"Mama, wewe ni mkewe. Unaishi naye. Unaweza kutuambia kwamba mumeo husema kweli?"

Subilaga alisimama. Alimtazama Gwamaka, naye Gwamaka akamtazama kama mtu aliyetumbukia majini anavyoutazama mkono wa aliye ukingoni. Angeweza kusema ndiyo. Wake wengi wangesema, na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini akilini alimwona shangazi yake amelala barabarani.

"Natamani iwe kweli," alisema. "Natamani kuliko ninyi nyote. Lakini mimi ndiye niliyemsikia akidanganya kila wiki kwa sauti hii hii. Alidhani anawaficha trafiki peke yao, kumbe alijificha na kwangu. Nikiapa leo, nitakuwa naapia nini? Mficha namba hana shahidi."

Akakaa. Wanasema neno lile lilifika sokoni kabla yeye mwenyewe hajatoka mlangoni.

Gwamaka alihamia kwa kaka yake. Subilaga alimtoa shangazi hospitalini, akamlaza chumbani kwake, akawa anashona huku anamwuguza. Kama ilivyo desturi yetu, watu walikuja kumpa pole mgonjwa: majirani, wanakwaya, wauza nyanya, na madereva pia, mmoja baada ya mwingine, na sukari na sabuni mikononi. Subilaga aliwakaribisha wote. Alikuwa mtu asiyemwamini yeyote sasa, na mtu wa namna hiyo huona yasiyoonwa na wengine. Mchana mmoja, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, alitambua kwamba kuna dereva mmoja tu ambaye hajakanyaga pale. Lusekelo, aliyekuwa akinunua maandazi kwa Bi Ngwisa kila asubuhi ya Mungu, na kumwita mama.

Hakumwambia mtu. Alimtuma tu jirani aliyekuwa akienda stendi: "Mwambie Lusekelo mgonjwa anamwulizia. Anasema watoto wake wote wamekuja, kasoro mmoja."

Lusekelo akaja siku ya pili. Asingeweza kutokuja, watu wote stendi waliusikia ujumbe ule. Alisimama mlangoni, mfuko wa sukari mkononi, akainama.

"Samahani, mama," alisema. "Samahani sana, mama."

Bi Ngwisa alikuwa amelala, uso ukutani. Aligeuka taratibu, kwa sababu ya mguu.

"Rudia," alisema.

"Mama?"

"Hilo ulilolisema. Rudia."

Lusekelo hakurudia. Aliuweka mfuko wa sukari sakafuni.

"Ulilisema vile vile," Bi Ngwisa alisema, kama mtu anayekumbuka ndoto. "Mimi niko chini, ukungu mtupu, na mtu anatoa kichwa dirishani. Samahani, mama. Samahani sana, mama. Halafu gari likaondoka."

Subilaga alikwisha kusimama mlangoni, nyuma ya Lusekelo. Hakupaza sauti.

"Ni wewe, mdogo wangu?"

Yule kijana akaketi sakafuni pale pale alipokuwa, akalia. Alisema hakumwona, ukungu ulikuwa mzito. Alisema alitaka kushuka, mguu wake ulikuwa umeshagusa breki, ndipo akakumbuka kwamba namba iliyo nyuma ya gari si yake. Akafikiri hakuna atakayemjua. Mawazo hayo, alisema, ndiyo yaliyomwondoa pale. Kibao kile alikichoma kabla hajafika nyumbani, akafunga cha pili.

Yeye mwenyewe aliongozana na Subilaga mpaka kituoni.

Jioni hiyo Subilaga alikwenda kwa shemeji yake. Alimkuta Gwamaka uani, habari imekwisha kumfikia. Gari lilikuwa pembeni, nyuma hakuna kibao chochote, waya tu zinaning'inia. Subilaga alikaa kwenye kigoda.

"Baba Tusa," alianza, "nilikusema mbele ya watu, na hukuwa na hatia. Nimekuja kuomba radhi."

"Neno ulilosema lilikuwa la uongo?" aliuliza Gwamaka.

Subilaga alifikiri. "Hapana."

"Basi usiliombee radhi. Nimelitafakari usiku na mchana nikiwa hapa." Alizungumza taratibu, akitazama mikono yake. "Siku ile nilikuwa nasema kweli tupu, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyeweza kuijua. Wewe ulikwenda hadi chai kunitafutia shahidi. Nilikuwa nimeshawaziba macho wote kwa mkono wangu. Na jingine, Mama Tusa. Namba iliyomgonga shangazi na kumwacha barabarani, mimi ndiye niliyeiandika. Lusekelo alijificha nyuma ya mwandiko wangu."

Kesho yake alikwenda kwa Bi Ngwisa akamwambia hivyo hivyo, ana kwa ana, kisha akaenda kuwaambia madereva stendi. Gari lake alilipaki. Alirudi kuendesha la mtu mwingine, kama zamani, mpaka alipoweza kulipia usajili, na siku alipofunga namba ya kweli, ya bati, wengine wengi walikuwa wamekwisha kumtangulia. Watu walikuwa wakitazama nyuma ya gari kwanza kabla ya kupanda, na dereva wa boksi alibaki stendi na viti vyake vitupu.

Subilaga alimpokea nyumbani. Lakini nisiwadanganye, wajukuu zangu: kwa muda mrefu, Gwamaka akisema alikuwa mahali fulani, mkewe alitua kidogo kabla ya kuitikia. Naye Gwamaka aliuona ule mtuo, hakuulalamikia. Aliusubiri upite, kila mara, kwa uvumilivu wa mtu anayejua kilichouleta. Polisi walimwondolea hatia ndani ya siku moja. Imani ilirudi kwa mwendo wake yenyewe.

Hiyo ndiyo asili yake. Basi msiitumie kumwambia mwizi. Mwizi ana methali zake za kutosha. Neno hili ni la mtu asiye mbaya, anayejifunika kidogo hapa na kidogo pale kwa sababu jambo lenyewe ni dogo, na watu wote wanafanya. Mwambieni mapema, angali ana wa kumsikiliza, kwamba itakuja siku atakuwa na kweli mkononi, ataipeleka hata kwa mke wake mwenyewe, na mke huyo hataweza kuipokea.

Mficha namba hana shahidi.